Kila Kitu na Dole la Mwenyewe

Niliondoka kisiwa cha Nkombo kwa sababu ya karatasi moja. Mwalimu wetu aliileta kutoka mji wa Kamembe akatusomea: shule ya ufundi ya mjini ilitaka wanafunzi washindane kutengeneza roboti, yaani mashine ndogo itakayovuka darasa yenyewe ikiwa imebeba yai. Mashine itakayoshinda ingebaki shuleni, na aliyeitengeneza angepata nafasi ya kusoma na kulala hapo hapo. Hakuna msichana wa kisiwani kwetu aliyewahi kuingia shule ile, nami nilikuwa na kiburi cha kutosha kutaka kuwa wa kwanza.

Vitu vilivyoruhusiwa viliandikwa chini: mbao, bati, waya, uzi, mpira, mawe, betri na vipande vya redio. Kisha sharti: kando ya kila kitu liwepo jina la mwenyewe aliyekitoa, na alama ya dole gumba lake. Mwaka ule wa baada ya vita hakuna aliyeuliza kwa nini. Nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa wazi, na milango yake imehamia kwa majirani. Ungeiona redio kwa mtu, ukajua kabisa si yake, ukanyamaza.

Nilikuwa na kila kitu isipokuwa moteri, ile mota ndogo ya kuzungusha magurudumu. Moteri ilikuwa juu ya kabati la mama, ndani ya redio ya kaseti iliyofungwa kwa kitenge. Ilikuwa ya Maman Venansia, mama mmoja aliyelala kwetu siku mbili na watoto wake watatu, watu walipokuwa wakikimbilia Zaire, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi ya kupanda mtumbwi alimwambia mama, "Munichungie hii redio. Ntakuya kuibeba." Tangu hapo mama aliipangusa vumbi kila Jumapili, wala hakuwahi kuiwasha. Siku moja alipokwenda sokoni, niliifungua kwa kisu, nikaitoa moteri. Kwenye orodha niliandika jina la Maman Venansia, nikapaka dole langu masizi, nikabandika.

Siku ya mashindano, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka kwa mtumbwi, mimi na wapiga makasia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa hata sikuona maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilipakata mashine yangu ndani ya kikapu. Makasia yalikuwa yakigusa maji polepole, na kwa kitambo kirefu ilionekana kama sisi tumesimama na vilima ndivyo vinavyosafiri. Nikajiona tayari nimevaa sare, kitanda changu kiko karibu na dirisha, mama amekuja kunitembelea na samaki. Laiti safari ingeishia pale majini.

Saa tatu tulifika Kamembe. Nilipanda mlima huku nikisikia nyundo za mafundi bati zikigonga bila kupokezana, kila moja na wimbo wake. Shuleni tulipokewa na Mzee Saidi, fundi wa makarai na taa za bati, aliyeombwa akague vitu vyetu. Alikuwa na kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Alisoma kila orodha kwa sauti, taratibu, majina yote.

Alipofika kwangu aliisogeza karatasi karibu na miwani.

"Hii moteri ni ya nani?"

"Ya Maman Venansia, Mzee."

"Alikupatia?"

"Ndiyo."

Aliweka kidole kwenye orodha, penye uzi, ambapo nilikuwa nimeandika "mimi mwenyewe", kisha akakishusha penye moteri. Dole langu lina kovu, uzi wa wavu ulinikata nikiwa mdogo.

"Madole mbili, kovu moja," akasema. "Weye na huyu maman mulikatwa siku moja?"

Wenzangu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamweleza yote, nikilia.

"Kuchunga na kupewa si kitu moja, binti yangu," akasema kwa upole. "Batu beko kule ng'ambo Zaire, bamoja batarudia. Akirudia, utamwambia nini?"

"Bila moteri haitembei, Mzee."

"Miye naenda kuswali. Nikirudia, nikute kila kitu iko na mwenyewe."

Alipotoka, msichana wa Rwimbogo aliyekaa kando yangu aliniinamia. "Beba dole yangu," akanong'ona, akionyesha pale penye jina la Maman Venansia. "Haina kovu."

Nililitazama lile dole. Lilikuwa safi, la mviringo, na lingenipa kitanda cha karibu na dirisha. Sitawadanganya, ndugu zangu: nilishika mkono wake. Lakini nikamkumbuka mama Jumapili, na kitambaa chake, anavyoipangusa ile redio isiyo yake. Nikauachia. Nikaing'oa moteri, nikalifuta jina la Maman Venansia.

Mpishi wa shule alinipa kipande cha jiwe la jikoni, akabandika dole lake la masizi kwenye orodha yangu bila kuuliza maswali. Nilisimamisha kijiti juu ya mashine, nikalifunga jiwe kwa uzi, na uzi nikauzungusha kwenye ekseli ya magurudumu, ili jiwe likishuka yazunguke. Mzee Saidi aliporudi aliisoma orodha yangu, akaipitisha, na zamu yangu ilipofika, mashine ilikwenda kwa madaha kama bibi harusi, ikafika katikati ya darasa, jiwe likagusa ubao wake wa chini, ikasimama. Yai halikuvunjika. Nafasi ilichukuliwa na yule msichana wa Rwimbogo. Nilimpongeza kwa mdomo tu, moyo ulikuwa umevimba.

Alasiri nilirudi Nkombo, moteri ikiwa ndani ya kiganja. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya maziwa, na sikuota chochote.

Jioni ile nilimwambia mama ukweli. Hakunipiga. Aliishusha redio, akanishikia taa nikairudisha moteri, tukatia betri zangu mbili kuona kama bado inazunguka. Ndani mlikuwa na kaseti. Watoto wakaanza kuimba, watatu, wakipishana, na nyuma yao mwanamke akicheka. Mama akaizima haraka. "Si yetu," akasema.

Mwishoni mwa mwaka, watu walipoanza kurudi, Maman Venansia alishuka mtumbwini peke yake. Hatukumwuliza watoto wako wapi. Mama alimpa redio na kitenge chake.

"Hamukuigusa?" akauliza.

"Niliigusa, Maman," nikamjibu. "Nilibeba moteri yake. Nikairudisha."

Alikifungua kitenge. Kisha akakaa chini pale pale mlangoni, akaiweka redio mapajani, akabonyeza.

Mpaka leo watu huniuliza nilipata nini Kamembe. Huwaambia nilijifunza kusoma orodha mpaka mwisho, kila kitu na mwenyewe wake. Siku ile moteri ilizunguka, watoto wa Maman Venansia waliimba kwenye kaseti wote watatu, na hakuna sauti hata moja iliyokatika.