Vioo Kumi na Viwili Vyeupe

Gololi alikuwa mbunifu wa vioo vya saa za mkononi, na tafadhali usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Wapo watu wasiotaka kioo kitupu juu ya saa yao. Wanataka waridi pembeni, majani yakizunguka namba, na katikati paachwe wazi ili mishale ionekane. Tena wanataka kidumu: waoshe nacho vyombo, wakikwaruze ukutani, na mwaka wa tano kiwe vile vile. Lazima mtu akae ayafikirie hayo yote, na huyo mtu alikuwa yeye. Alichora kwa penseli kwenye duara lisilozidi kifuniko cha chupa ya soda. Alijua kwamba rangi nene hupasuka jokoni kioo kinapochomwa, kwa hiyo kila jani alilitenga na mwenzake kwa nafasi ya unywele. Kila kioo cha majaribio alikisugua kwa mchanga mara mia mbili, kisha akakidondoshea gololi ya chuma kutoka usawa wa kidevu. Jina lake alilipata hapo. Kioo kikivunjika, alisema neno nisilothubutu kuliandika, akaanza upya.

Brashi ilikuwa mikononi mwa baba mkwe wake. Ndiye aliyemtoa jikoni mwaka ule alioolewa, akamkalisha kwenye meza ile ya dirishani na kumfundisha yote anayoyajua. Rangi ya kioo cha saa haipakwi juu, mkono wa shati ungeimaliza kwa miezi miwili. Hupakwa upande wa ndani, unaotazama mishale. Kwa hiyo fundi huenda kinyumenyume: kwanza mng'ao wa petali, kisha petali yenyewe, kisha jani, na nyeupe ya nyuma huja mwisho kabisa. Ukitanguliza nyeupe, umekwisha. Mwenye saa ataona duara jeupe tu, na maua yako yatabaki huko ndani yakiangaliana na mishale.

Mzee alikuwa ameanza kutanguliza nyeupe.

Siku ya kwanza Gololi alidhani ni utani, maana mzee alikuwa bingwa wa utani. Alikigeuza kile kioo akasubiri acheke. Mzee hakucheka. Alikuwa akipuliza brashi yake, hana hili wala lile, ameridhika. Upande wa nyuma waridi lilikuwa limetulia, zuri kupita yote aliyowahi kuyachora.

Tangu siku hiyo akawa anasubiri saa sita, mzee atoke nje kujinyoosha kwenye benchi. Hapo hufuta vioo vya asubuhi kwa kitambaa cha spiriti, maana rangi ambayo haijaokwa hufutika, kisha huvirudia chapuchapu kwa mkono wake mwenyewe. Mzee akirudi hutazama trei na kusema, "Leo brashi imenitii." Gololi huitikia, "Imekutii, Baba."

Alimwambia mumewe, fundi umeme, mtu wa maneno machache hata siku za raha.

"Mwambie wewe," mume alisema. "Wewe ndiye unayekaa naye kutwa."

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana siwezi."

Na yeye ataweza? Mkwe amwambie baba mkwe kwamba akili imeanza kumtoka? Angeanzia wapi? Mzee hakuwa na kingine. Alikuwa amefiwa na mke, redio ilimchosha, na Jumapili karakana ikifungwa alizunguka nyumba nzima akiuliza kama kesho ni kazini. Kumnyang'anya meza ile kulikuwa ni kummaliza, na Gololi alilijua hilo kila alipokunja kitambaa chake cha spiriti.

Mwenye karakana walimwita Robo Saa, kwa kuwa kwake kila jambo lilikuwa la robo saa, hata lile la siku tatu. Si mtu mbaya. Lakini mwezi uliopita vioo vinne vilimponyoka Gololi, vikapita jokoni vikiwa vyeupe, akaapa mbele ya wote: "Nikikuta trei nyingine ya hivi, aliyeharibu anaondoka. Awe nani awe nani." Aliposema hivyo alikuwa akimtazama Gololi, maana naye hushika brashi kazi ikizidi. Kumshuku mzee hakukumjia hata ndotoni.

Basi ikaja kazi ya saa za mkononi kumi na mbili za walimu waliokuwa wakistaafu, zichukuliwe kesho yake asubuhi. Mzee alipaka tangu alfajiri. Gololi akasubiri saa sita yake. Kumbe umeme ulikuwa ukatike adhuhuri, na mchoma vioo, ili asipitwe, alipita saa nne akabeba trei nzima. Gololi alikuwa uani akisugua kioo kwa mchanga. Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Akakimbilia jokoni, akakuta mlango umekwisha kufungwa na taa nyekundu inawaka. Akasimama pale, mikono imemning'inia, akihesabu dakika za kitu asichoweza kukizuia.

Robo Saa aliileta trei mwenyewe akaiweka mezani. Maduara kumi na mawili, meupe pe.

"Nani?" aliuliza.

Mzee alikuwa wa kwanza kuinuka. Alivaa lenzi yake ya jicho, akachukua kioo kimoja, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mkono mzuri huu," alisema. "Petali hizi zina uhai. Lakini katanguliza nyeupe! Mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi. Kazi ya nani hii?"

Aliuliza kweli. Hakuwa akijificha. Gololi alimtazama usoni akitafuta hata chembe ya kumbukumbu, asiione.

"Yangu, Baba," alisema.

Uso wa mzee ukamshuka. Alivua lenzi, akaifuta, akamgeukia Robo Saa.

"Muondoe."

"Mzee, huyu si mke wa mwanao?"

"Nyumbani ni mke wa mwanangu. Hapa ni fundi aliyeharibu vioo kumi na viwili. Ingekuwa mimi, ningeona aibu kubakizwa kazini."

Gololi alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu na lilikuwa la kweli: yako. Angelitoa, mzee angelisikia akiwa amesimama, mbele ya bosi wake, mbele ya mchoma vioo, mkononi ameshika kioo chake. Akakifunga. Alikusanya penseli zake na michoro yake huku machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Usiwe na wasiwasi," mzee alimwambia Robo Saa. "Vyote kumi na viwili nitavirudia mwenyewe. Umeme ukirudi usiku vitachomwa, kesho asubuhi vitakuwa tayari."

"Bora nikutegemee wewe," Robo Saa alijibu, akashusha pumzi.

Mzee akamfuata mkwe wake mpaka mlangoni. Hasira ilikuwa imekwisha. Alimshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Usilie, mwanangu. Ni kutofikiri tu. Jioni nitakuletea kimoja uone kinavyofanywa."

"Ahsante, Baba."

Mzee akarudi mezani, akaketi, akapanga vioo kumi na viwili safi mbele yake. Robo Saa alisimama nyuma yake ametulia, mikono kifuani. Gololi, mkoba begani, alimuona mzee akifungua kopo la nyeupe na kuchovya brashi. Mchoma vioo akamwomba radhi, akaufunga mlango wa karakana.