Paka Aliyetibiwa na Daktari

Juzi nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo Same mjini, ang'olewe jino. Daktari huyo, kijana tu, alimlaza kwa sindano, akawa anampanua mdomo kidogo, anauachia, anaupanua tena. "Ukipanuliwa sana muda mrefu, mama, damu haifiki vizuri kichwani. Ataamka kipofu." Nikakaa chini. Hasira ya miaka yote ilinirudi, pamoja na harufu ya moshi wa jikoni kwa Bibi, kule Chome.

Enzi zile serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila aliyepunguzwa aliamka mfanyabiashara. Bwana mifugo wetu naye akajipandisha cheo, akawa Daktari. Mvua zilikuwa zimegoma, mahindi yetu machache yako darini juu ya meko, na mlinzi wake ni paka mmoja wa kijivu. Jino bovu lilipomkatalisha kula, panya wakaanza harusi huko juu. Bibi akamwita huyo Daktari.

Akaja na koti jeupe lenye doa la chai. Akamchoma paka sindano, akamtegea mdomoni kijiti, kilekile alichotumia kwa mbuzi, mdomo ukaachama hadi nikaogopa. Jino likatoka upesi. Kijiti hakikutoka, maana Daktari alikuwa anatueleza habari za soko huria huku akinywa chai yetu.

"Mdomo huo haujatosha kuachama, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Bibi, mimi nimesomea."

Paka alipoamka alijigonga kwenye mafiga. "Usingizi huo, kesho ataona," Daktari akasema. Kesho hakuona, wala mwezi uliofuata. Tulipomwita tena, mtaalamu akapiga chafya, akasema moshi wa jiko letu ndio umemharibia macho. Mpuuzi kabisa!

Bibi aliendelea kumpandisha paka darini kila jioni. Panya walimkimbia siku chache, kisha wakamzoea. Kufikia masika makande yetu yalikuwa maharage matupu. Daktari alipopita kuchanja kuku wa jirani, Bibi akamwekea sahani. "Karibu, Daktari. Mahindi wameyala panya, maana mlinzi wake ulimtibu wewe."

Akala akamaliza, akasema, "Bibi, niongeze kidogo."

Siku hizi mahindi hukaa kwenye magunia yenye dawa. Dari imebomolewa, Bibi hayupo, paka wake hayupo. Ila mimi kila nikiona koti jeupe, nasikia kijiko cha yule bwana kikikwangua sahani yetu.