Dumu la Mama wa Kumi na Mbili

Kwa miaka ishirini na sita daktari mmoja alifundisha wanafunzi wa udaktari kugonga vifua, mpaka wakambandika jina la Mama Vidole. Kidole kimoja unakilaza kifuani, kingine unakigonga. Penye hewa panalia wazi, penye maji sauti ni nzito. Basi, ndiyo elimu yenyewe.

Ugonjwa wa mlipuko ulipofunga chuo, akahamia sebuleni kwake, akafundisha kwa kompyuta. Mgonjwa akawa mumewe, fundi cherehani mwenye haya zake.

"Nivue shati mbele ya watoto wa watu?"

"Vua, baba watoto. Ni masomo."

Wiki mbili nzima akamgonga mzee wa watu mpaka mbavu zikamuuma. Kila akiuliza kama wanasikia, wanafunzi kumi na wawili huitikia, "Ndiyo, daktari!" Siku ya kumi na tano mmoja akajikaza.

"Samahani, daktari. Hatusikii kitu. Kompyuta inadhani unapiga kelele, inaifuta sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Lo! Mumewe akachukua shati lake akaondoka.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Ijumaa alitakiwa kusaini kwamba hao kumi na wawili wanafaa kuingia wodini, ambako madaktari walikuwa wamebaki wachache, tena hoi. Akimsaini asiyejua, kuna mgonjwa ataambiwa nenda nyumbani na kifua kimejaa maji. Mama Vidole aliogopa kwelikweli.

Akaamuru kila mmoja atafute dumu. Mama mtu atie maji kwa siri, alifunike shuka. Mwanafunzi agonge, abandike plasta pale maji yanapoishia. Kisha mama afunue atoe matokeo.

Jumatano akina mama wakajaa kwenye skrini, wengine wamevaa nguo za kutokea.

"Wangu kapatia!"

"Wangu kapatia mpaka nimeogopa!"

Kumi na mmoja wote wamepatia, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dumu. Wa kumi na mbili alikuwa mama wa makamo, anakohoakohoa, miwani imemshukia puani.

"Wangu kakosea kwa upana wa vidole vinne."

"Mama jamani!" binti akalia nyuma yake.

"Nyamaza. Daktari, huyu usimsaini. Kesho na keshokutwa nitaugua mimi, nimwangukie mikononi."

"Asante, mama," Mama Vidole akasema. "Na nyie kumi na mmoja mnarudia. Safari hii kamera itazame dumu."

Hadi Alhamisi jioni wale kumi na mmoja walikuwa wamepita kihalali, wengine kwa jasho. Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama yule yule, anahema.

"Nimebadilisha maji mara tisa, daktari. Zote kapatia."

"Una hakika?"

"Nikampa na mgongo wangu agonge. Kasema chini, upande wa kushoto, kuna maji. Tuko njiani tunakuja."

Mama Vidole akalisaini jina la binti, kisha akavaa barakoa akaenda kuwapokea mlangoni pa hospitali.