Na Kopo Langu la Majivu Hadi Chamazi

Chamazi nisingekwenda kama wasingetufungia uwanja. Nyie wa huku Mikocheni mnaujua uwanja wetu, ule wa nyuma ya kiwanda cha misumari, ndiyo maana timu ikaitwa Misumari FC. Mchanga mtupu. Upande wa barabarani umeinama, mpira ukitoka unajiendea wenyewe mpaka kwa muuza chipsi. Bodaboda wanakatisha katikati, refa anapuliza, wanapita, mchezo unaendelea. Wachezaji wanavulia nguo sebuleni kwangu. Wakaja wakaguzi wa ligi na makaratasi yao, wakazunguka, wakauliza, "Choo kiko wapi?" Nikawaonyesha changu. Hawakucheka. Haikupita wiki tukaambiwa mechi zetu za nyumbani tukachezee uwanja wa kukodi, Chamazi, pembezoni kabisa mwa Temeke.

Mie shule niliishia darasa la nne, kazi yangu mihogo na vitumbua. Lakini mistari ya uwanja wetu nachora mie, tangu Sefu mjukuu wangu anajifunza kudaka mpaka leo ndiye kipa wa timu. Nachora kwa majivu ya jikoni kwangu. Nayachekecha kwa chekeche la unga mpaka yawe laini, natia kwenye kopo la maziwa nililolitoboa matundu kwa msumari, natembea huku natikisa. Kamba sitaki. Na mbele ya goli, katikati kabisa, namwekea Sefu doa moja la majivu, dogo kama kitumbua. Akirudi nyuma macho yako kwenye mpira, akiliona doa miguuni anajua goli limekaa sawasawa mgongoni kwake.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kwanza kuchezea huko, na ya mwisho ya msimu, sie na Ngao FC ya Temeke. Tukipata sare tunabaki ligi ya mkoa. Tukifungwa tunashuka, na Kocha Mushi alishasema timu ikishuka jezi anazifungia sandukuni, kila mtu akatafute shughuli. Nikamuuliza, "Mechi ya nyumbani hii?" Akasema, "Ya nyumbani, Bibi, ila Chamazi." Basi. Ya nyumbani mistari ni kazi yangu. Ijumaa jioni nikachekecha, nikajaza kopo, nikalifunga kwa kitambaa. Wala hakuna aliyeniambia kitu, na mie sikuuliza.

Jumamosi saa nne asubuhi tuliondoka. Usafiri wetu basi la shule ya chekechea, tumeazimwa kwa kuwa Jumamosi watoto hawasomi. Mngewaona mabeki wetu! Viti vile ni vya watoto wa miaka minne. Magoti yamefika kidevuni, na juu ya vichwa vyao ukutani imeandikwa a, e, i, o, u. Kocha Mushi, mtu wa Moshi, mrefu, alikaa sakafuni.

"Bibi, hilo kopo umebeba uji?" akaniuliza.

"Uji wako mwenyewe," nikamwambia. "Tazama mbele."

Sefu nikampa kitumbua, akakishika tu mkononi.

Tulipoingia barabara ya Kilwa ndipo nilipoanza kushangaa. Mie naijua Msasani, naijua Kinondoni, nilidhani Dar naijua. Jamani, mji huu hauishi! Mtoni tukapita, Mbagala tukapita, Rangi Tatu tukakata kona, na bado nyumba, bado maduka, bado watu wamejaa barabarani kama kuna harusi. Nikawa najisemea, hawa wote walikuwa hapa siku zote hizi, mie nageuza mihogo tu?

Saa sita mchana tukafika. Kwanza niliona minara ya taa, mirefu, nikadhani ya simu. Halafu ukuta, mzima, uliopakwa rangi, hauna hata tundu la kupitishia mbuzi. Nikashuka na kopo langu, nikaenda getini.

"Shikamoo, Bibi," akasema mlinzi.

"Marahaba, mwanangu."

"Kopo lina nini?"

"Majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya mihogo."

Yule kijana akarudi nyuma hatua mbili kama ameona nyoka. Kumbe hapo hapo Ngao FC nao wanashuka garini, na katibu wao, mwanamume wa miwani myeusi na tumbo lililotangulia, kashasikia.

"Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua Misumari watakuja na fundi wao! Bibi kizee na majivu, mnataka ushahidi gani? Vijana, mlango huu hatupiti!"

Wallahi simsingizii mtu: vijana wazima, na viatu vyao shingoni, wakaanza kuruka ukuta. Mmoja akachanika kaptula. Na mie nimesimama na kopo langu, watu wananitazama, mwingine ananipiga picha na simu.

Akaitwa kamishna wa mchezo, ndiye mkubwa wa mechi siku hiyo. Nilitegemea mwanamume. Alikuja mama wa makamo, Mwalimu Neema, anafundisha shule ya msingi, lafudhi ya bara, faili kwapani.

"Shikamoo, mama. Nieleze taratibu. Haya majivu ya nini?"

"Ya mistari."

"Mistari gani?"

"Ya uwanja. Nimekuja kuchora uwanja."

Katibu wa Ngao akacheka mpaka miwani ikamtoka. Mwalimu Neema hakucheka. Akasema, "Mama, ikithibitika ni ushirikina, timu yako inapokwa pointi. Unanielewa?"

Nikamtazama Sefu, naye katazama chini. Nimetoka nyumbani kuwasaidia, kumbe nimebeba kifo cha timu kwenye kopo la maziwa! Nikaona heri hasira kuliko kilio. Nikafungua kitambaa, nikachovya kidole, nikalamba.

"Haya," nikamwambia yule katibu, "nawe lamba. Ni mihogo. Au unaogopa kushiba?"

Akarudi nyuma. Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mie.

Nikamwambia kamishna asogee. Pale pa kuegesha magari ni udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri. Nikainama, nikatikisa kopo, nikatembea kutoka tairi la basi letu mpaka kwenye nguzo ya geti, pumzi moja, sikusimama. Mwalimu Neema akafumba jicho moja akautazama mstari wangu toka mwanzo hadi mwisho.

"Miaka yote nafundisha jometri," akasema, "na wanafunzi wana rula. Hakuna aliyenichorea hivi." Akanyoosha mkono. "Lakini kopo nakaa nalo mimi, chini ya meza yangu. Chembe moja ikianguka uwanjani, naandika. Ingia, mama."

Nikaingia. Sasa hapa sijui niwaeleze vipi.

Nyasi! Kijani kimoja, toka goli hadi goli, hakuna kipara, hakuna shimo, hakuna chupa. Nikainama nikashika. Si nyasi za Mungu, ni zulia, limetandikwa uwanja mzima, na ndani yake chembe nyeusi kama ufuta uliokaangwa. Na mistari, enyi watu, mistari haikuchorwa! Imefumwa humo humo kwenye zulia, nyeupe pee, kama ua kwenye mkeka. Mvua haiifuti. Bodaboda hawaifuti. Nikapitisha kidole, hakikutoka na kitu. Nilisimama pale nikajiona mjinga na nikafurahi kwa wakati mmoja, sijui kama mmewahi kupatwa na hali hiyo.

Wakaniruhusu kuona vyumba vya wachezaji. Kila mtu ana msumari wake wa kutundikia nguo! Maji yanatoka juu, ukitaka. Vyoo vimepangwa mstari kama maduka, kila kimoja na kitasa chake. Niliingia kimoja, nikatoka, nikaingia cha pili bila haja, kuona tu kama nacho ni kizima. Kocha Mushi akaja kunigongea. "Bibi, mechi inaanza, utakaa humo?"

"Ningeweza," nikamjibu.

Saa nane ikaanza. Nilikaa jukwaani ubavuni. Vijana wetu zulia liliwachanganya, mpira unakimbia kuliko walivyozoea. Tukastahimili. Halafu Ngao wakapiga shuti la mbali, wala si kali, mpira wa kudaka huku unapiga soga. Ukapita kulia kwa Sefu, wavuni. Watu wakasema kipa mbovu. Mie niliona. Goli nimelichora siku nyingi mno, hata nikisinzia najua kipa akiwa hayupo katikati. Alisimama kushoto hatua mbili nzima.

Mapumziko akaja kwenye uzio, jasho linamchuruzika.

"Bibi, sijui katikati iko wapi. Naangalia chini, doa hakuna. Nachimba kwa kisigino, zulia halichimbiki."

Majivu yangu yako chini ya meza ya kamishna. Nikiomba hata chembe, timu imekwisha. Nikamtazama mtoto wa marehemu mwanangu, nikasema, "Nenda. Ukipotea geuka nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Nenda."

Kipindi cha pili timu zimebadilishana magoli, lake limekuwa lile la mbali. Magoti yangu mnayajua. Nikazunguka uwanja mzima kwa miguu mpaka nyuma ya wavu, kule kwenye ngazi za watazamaji. Nikatembea sambamba na goli toka nguzo hadi nguzo. Hatua zangu tisa. Nikarudi nne na nusu, nikakaa. Kanga yangu ya rangi ya chungwa, ile ya Idi, nikaivuta kichwani nikaitandaza mabegani ili nionekane. Doa ni mie.

Mashabiki wa Ngao wakaniona. "Mchawi anahama na goli! Kamishna, tazama, anahama!" Mwalimu Neema akanitazama toka mezani. Akainua kopo langu juu wote walione, kitambaa kimefungwa. Akalirudisha chini. Kukaa si kosa.

Sefu akageuka mara ya kwanza. Akaniona. Akasogea kulia kidogo, nikatikisa kichwa, akasogea tena, nikatulia. Basi hivyo, kipindi kizima. Mie sikuutazama mpira, niliutazama mgongo wake. Kona yetu ilipozaa bao la kusawazisha niliambiwa na makelele tu, bao lenyewe sikuliona. Sikunyanyuka hata kushangilia, ningenyanyuka angenikosa.

Dakika za mwisho mshambuliaji wao akabaki peke yake na Sefu. Sefu akatupa jicho nyuma, mara moja, akarudisha uso. Yule akapiga. Mpira ukamkuta Sefu kifuani kama ametumiwa kifurushi, akaukumbatia akalala nao. Firimbi. Sare. Tumebaki.

Jioni wakati wa kuondoka, Mwalimu Neema aliniletea kopo langu mwenyewe.

"Mama, nikwambie ukweli. Uwanja wenu hamkufungiwa kwa mistari. Mistari yenu iliandikwa kwenye ripoti kuwa mizuri. Mmefungiwa kwa choo, chumba cha kubadilishia, na ukuta. Vitu vitatu."

"Vitatu tu?"

"Vitatu tu."

Njia nzima ya kurudi vijana waliimba, magoti kidevuni, mie nikilipakata kopo. Nimekwenda Chamazi nikajua kwamba kile tulichofikiri hakiwezekani kimekaa hapo hapo Dar, kina kitasa na maji. Watu wamekijenga, na mikono yao ni miwili kama yenu.

Jumapili asubuhi niliamka nikaenda nyuma ya kiwanda. Nimechora, lakini si uwanja. Pale kwenye mteremko nimechora vyumba viwili vya kuvulia nguo, cha wenyeji na cha wageni. Karibu na bomba nimechora vyoo vinne, na milango nimeiacha wazi mwone inafungukia wapi. Mstari mrefu wa kuzunguka wote ni ukuta. Sefu na wenzake kila mmoja ameshaweka tofali lake la kwanza juu ya mstari, na langu lipo kwenye kona ya choo.

Bodaboda, zungukeni kwa nyuma. Nyie wengine, leteni tofali. Mawingu nimeyaona upande wa baharini, na majivu mvua huyafuta.