Pumzi Kabla ya Gitaa

Kaseti tuliyoiga ilitoka Bujumbura bila jalada wala jina. Ilikuwa nakala ya nakala: gitaa za roki zikivuma kwa pamoja, na chini kabisa mtu akiimba kama yuko chumba cha pili. Mpaka leo sijui kama walitaka hivyo au utepe ulikuwa umechakaa. Sisi tulidhani huo ndio ufundi wenyewe, tukaushika.

Tulikuwa watatu, pale mtaani Kilibula, wakati wa vita. Mimi na rafiki yangu tulipiga gitaa; binti wa jirani aliimba. Amplifaya tulitengenezewa na fundi wa redio, na swichi ya kuongeza mngurumo tuliikanyaga kwa miguu mitupu. Waya zake zilikuwa zimechubuka, ukikosea unapigwa na umeme. Kwa hiyo tulipiga tukiwa tumeinamia miguu yetu, hakuna aliyemtazama mwenzake. Ngoma hatukuwa nayo. Aliyetuanzisha ni yule binti: alivuta pumzi kwa nguvu, nasi tukaingia.

Albamu yetu tuliirekodi mchana mmoja kwenye ukumbi wa parokia, kwa redio-kaseti moja iliyowekwa juu ya benchi. Tulitaka kupunguza gitaa ili asikike. Alikataa katakata. Alisema akisikika itakuwa kwaya, na kwaya ameshaimba ya kutosha. Tulijiona watu wakubwa, na hata leo sioni aibu.

Vita viliporudi mjini, watu walishuka bandarini Kalundu kutafuta boti. Yeye alipata nafasi kwenye boti ya kwenda Baraka, kusini mwa ziwa. Boti haikufika. Mama yake alingoja, akauliza kila aliyetoka kusini, mwisho ndugu wakasema kilio kikaliwe tu, hata bila maiti.

Nilienda. Sikusikia kitu moyoni, na hilo nalisema wazi. Nilikula wali wa kilio, nikaomba kuongezewa. Watu walikaa kwenye mikeka wasijue waelekee wapi, maana katikati hapakuwa na jeneza. Mama alikuwa ametuagiza tulete kaseti yetu. Akaweka kiti pale katikati, na redio juu ya kiti. Alitaka mwanawe awepo, basi, hata kwa sauti.

Gitaa zetu zikajaa uwanja mzima. Mama akainama karibu na spika.

“Mupunguze hizo gitare,” akasema. “Nimusikie mutoto wangu.”

Rafiki yangu akamweleza kwamba haiwezekani, vyote viliingia pamoja. Kwa kuwa maneno niliyajua, nikaanza kumwambia mama: sasa anasema hivi, sasa anasema vile. Aliniacha nieleze wimbo mmoja. Ulipokwisha pakawa kimya, utepe ukikwaruza, na mimi bado naeleza.

“Nyamaza, weye,” akasema. “Iko hapo.”

Ilikuwa ile pumzi ya kutuanzisha. Gitaa zilipotaka kuingia, mama akabonyeza akazima. Akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akasikiliza tena, akazima tena. Hakuna aliyelia, hata yeye. Wazee wakaanza kuzungumza polepole habari za barabara ya Runingu, kama inapitika.

Nikaendelea kumrudishia. Kila pumzi ilipofika, vidole vyangu vilijipanga vyenyewe juu ya goti, tayari kuanza, na kila mara mama akazima.