Uso wa Kaka Kati ya Mawingu

Bango lilipofika kutoka Malaba nililitandaza juu ya magunia yangu ya dagaa, nikalitazama, moyo ukanipasuka. Uso wa kaka yangu, umekuzwa mkubwa kama sinia, ulikuwa unaelea kati ya mawingu meupe, na pembeni nyota zimetapakaa. Sasa niambie wewe, hapa mpakani kwetu, mtu akichapishwa uso kati ya mawingu, huyo mtu yuko wapi?

Nikampigia binamu yangu, mwenye lile duka la kuchapisha mabango. Akasema mbona ninamsumbua, si tulimwambia ni mtu wa nyota? Kazi yake nyingi ni ya matanga, na mkono wake umeshazoea. Nikamwuliza, na fulana je? Akasema fulana ziko tayari, uso uleule na mawingu yaleyale, tena nisiwe na wasiwasi, rangi haitoki hata ukifua kwa dawa ya jiki. Nilikata simu kabla sijamtukania ukoo, maana ukoo wake ndio wangu.

Sherehe ilikuwa ya kumpongeza kaka. Maisha yake yote amefanya kazi ya kuchunguza nyota, huko Afrika Kusini, pamoja na watu wa mataifa mengi, na sasa anastaafu. Wenzake walikuwa wamekwisha kumfanyia hafla yao na kumvisha nishani. Lakini mama yetu hapandi ndege, na alisema waziwazi kwamba anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe mtoto wake akisifiwa hapa nyumbani Lumino, angali hai. Mimi ndiye binti aliyebaki karibu, kwa hiyo mzigo ukaniangukia. Na mama ana presha. Daktari wa Busia alituonya tusimshtue kwa lolote. Kila nilichofanya wiki ile nilikifanya nikiiwazia presha ya mama.

Muda wa kuchapisha bango jingine haukuwepo, likatundikwa njia panda hivyo hivyo. Juu ya hayo, kamati ya sherehe ilikuwa imekodi gari la matangazo. Gari ni lile lile linalotangaza vifo, na mtangazaji ni yule yule mwenye sauti ya kukokota. Hata akikutangazia punguzo la bei ya sabuni utatafuta leso. Ijumaa nzima likazunguka hadi Busia, likitaja jina la kaka, kazi yake, nchi alizofanyia kazi, na kwamba ndugu na marafiki wote wafike nyumbani kesho.

Kaka mwenyewe alikuwa amefika Nairobi. Aliniambia atapanda basi la usiku, asubuhi ya Jumamosi atakuwa Busia. Tangu tulipozungumza hayo, simu yake ikawa haipatikani. Nikajipa moyo kwamba chaji imeisha.

Asubuhi, wa kwanza kufika walikuwa akina mama wa upande wa Kenya. Walibeba kuni na unga kichwani, na kilio walikianzia barabarani. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikawaambia nyamazeni, ni sherehe, mtu yuko njiani anakuja. Wakanitazama kwa huruma, yale macho ya kumtazama mfiwa ambaye bado hajakubali. Mmoja akanikumbatia. Mwingine akasema amesikia kuna basi limeanguka usiku, huko upande wa Nairobi. Nikamwuliza amesikia kwa nani, akasema watu wanasema.

Nilijua uvumi umetoka wapi. Ulitoka Malaba, dukani kwa binamu yangu, niliuona kwa macho yangu ukitandazwa juu ya dagaa. Lakini simu nilipiga tena na tena, na kila mara nilijibiwa na yule mwanamke wa kwenye mtambo. Watu walizidi kuingia, na kila aliyeingia akilia alikuwa kama analeta ushahidi. Nikaanza kuwaza, je, kama wanajua jambo ambalo mimi sijaambiwa? Mama alikuwa chumbani akivishwa gomesi yake mpya. Nikamwongezea sauti ya redio, kwaya ikawa inapiga kelele, nikatoka nikiufunga mlango polepole.

Kisha likaja gari kutoka Tororo, limemleta mwenzake kaka kutoka Chile, mwanamke wa makamo mwenye nywele za mvi. Alikuwa amelala hotelini Tororo, naye ndiye mgeni wetu wa kutoa hotuba. Hakuna aliyemweleza maana ya mawingu, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Alisimama pale katikati ya ua, mkono mdomoni, akaniuliza kimetokea nini. Nikamwambia sijui, basi limechelewa tu.

Akanishika mkono, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole. Nyota yao, alisema, mwanga wake hupanda na kushuka, na ukiiacha bila mtu wa kuitazama hata kidogo, kazi ya miezi inaharibika. Kwa kaka kukicha, kwake yeye bado ni usiku. Ndiyo maana wanapokezana, jinsi sisi wa sokoni tunavyopokezana mtoto mchanga mwenzio akienda msalani. Kila alfajiri kaka humwandikia ujumbe kwa Kiswahili, maneno ambayo ameshayakariri: kwangu kumekucha, nakuachia. Naye huitazama mpaka na kwake kukuche, halafu huwaachia wa Australia. Hata kaka akiwa likizo, hata alipolazwa hospitalini, ujumbe huo ulifika. Leo haukufika.

Nikakaa chini kwenye sufuria iliyofunikwa. Nilimkasirikia yule mama wa watu kwa kuniambia, na nikamkasirikia kaka kwa kufa.

Redio ikazimika. Nilisikia mlango, nikageuka, mama amesimama kizingitini, mshipi wa gomesi unaburuta. Aliwatazama watu, akazitazama fulana walizogawiwa langoni, mtoto wake kati ya mawingu vifuani mwao wote. Hakulia. Akaniita mimi.

"Usinifiche," alisema. "Mtoto wangu ako hai ama amekufa?"

Nilitaka kusema yuko hai.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Alijishika kwenye mwimo wa mlango. Nilimkimbilia, nikamwekea mkono mgongoni, nikausikia moyo wake ukienda mbio, na nikaanza kuomba kimoyomoyo bila mpangilio wowote. Ndipo bodaboda ikasimama langoni, na kaka yangu akashuka, amejaa vumbi, begi limemning'inia begani. Basi lilikuwa limewaharibikia njiani. Simu alikuwa ameisahau Nairobi, kwenye chaji, akiwa ameizima. Mtu anayejua nyota ilipo hata mchana kweupe, simu yake mwenyewe haijui.

Alitaka kuingia. Shangazi yetu akamzuia kwa mikono miwili. Mtu aliyekwisha kuliliwa, alisema, haingii tu hivi hivi, mpaka mama yake amwite ndani kwa kinywa chake. Profesa mzima, na nishani yake, akasimama nje ya lango akisubiri, na mgeni wa Chile akisubiri, na akina mama wa kuni wakisubiri. Mama alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akaniegemea kwa uzito wake wote, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi yote.

Tulipokuwa wadogo, kaka alikuwa na tabia ya kulala chali uani giza likiingia, akitazama juu, chakula kinapoa. Kila jioni mama alimwita kwa maneno yale yale. Miaka imepita, nilikuwa nimeyasahau. Sasa aliyasema, saa ya mchana, jua kali, mbele ya watu wote.

"Hizo nyota hakuna atakayeziiba," mama akasema. "Ingia ndani ule."

Kaka akaingia, akilia kama ambavyo hakulia hata kwenye mazishi ya baba. Hotuba zilisomwa zote, za Chile na za Lumino, na mama akazisikia kwa masikio yake. Lakini muda wote ule alikuwa amemshika mkono kaka, hata ilipofika zamu ya kumpigia makofi.