Sweta la Kijani

Juzi nilimvua binti yangu sweta, na kichwa chake kilipokuwa kinapita shingoni nikasikia ule mlio: ta-ta-ta, kama chumvi iliyotupwa motoni. Nywele zake zikasimama. Akacheka. Mimi nikabaki nimelishika lile sweta.

Ukisema kwenu ni Sumbawanga, watu husogeza viti nyuma kidogo. Eti sisi hutuma radi. Nimezoea utani huo, siku hizi huwajibu kwamba yangu iko gereji. Lakini nilipokuwa na miaka minane niliamini kweli kwamba ninayo, na kwamba ilikaa mikononi.

Tuliishi Chanji, mtaa wa pale pale mjini. Mwezi wa saba kwetu upepo ni mkavu, midomo inapasuka, na maji ya ndoo asubuhi yanauma meno. Mama alininunulia sweta la mtumba, la kijani, la nailoni. Nililipenda mno, hata kulala nililala nalo. Wakati huo Mama alikuwa ameanza kuumwa moyo. Miguu ilimvimba, akawa anashinda kitandani. Jioni moja nilijiburuza juu ya blanketi lake, nikamshika mkono. Pa! Ikaruka cheche ndogo ya bluu. Mama akashtuka, akajishika kifua.

Kaka Deo, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mlangoni na sahani yake ya ugali. Akaangua kicheko. "Kumbe una radi mikononi wewe! Na huyo ana ugonjwa wa moyo, utamuua!"

Alikuwa anatania tu. Kesho yake nikajaribu tena, kwa ncha ya kidole. Pa! Mama akashtuka tena. Tangu hapo sikumgusa.

Bibi alipenda kusema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Alikuwa anamsema Mama, aliyechelewa kwenda hospitali. Mimi nilidhani ananisema mimi, na bado sikufungua mdomo.

Nilimpelekea uji, nikauweka kwenye stuli, nikarudi nyuma hatua mbili. Aliponiita, "Njoo, mama, unipashe mikono moto," nilificha yangu kwapani nikasema nina kazi ya shule. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kuniita. Nilitambua kabisa kwamba ameacha, na sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya: unaubinya, unajua ni wako, lakini hausikii.

Mama alifariki mwezi wa tatu. Mvua ilipiga bati mpaka sala hazikusikika. Wakaniambia nisogee, nimshike kwa mara ya mwisho, nikakataa. Sikulia pia. Mwanamke mmoja akasema mtoto huyu ana moyo mgumu, nami nikamsikia kama anamsema mtoto wa jirani.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alisugua kalamu ya plastiki kichwani pake, na vipande vya karatasi vikairukia. Akaeleza kwamba kila kitu kina chaji za aina mbili, chanya na hasi, na kwa kawaida zimelingana. Ukisugua, baadhi ya zile hasi huhama, upande mmoja ukabaki na ziada na mwingine na upungufu. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Ile cheche ya sweta, alisema, ni chaji inayoruka ili mambo yalingane tena. Wote wawili mnashtuka sawa, na haiui mtu.

Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaongeza, huku anafuta ubao, "Jaribio hili lifanyeni kiangazi. Masika mtahangaika bure, hewa ina unyevu, chaji inavuja kabla haijajaa."

Nikaweka kalamu chini. Mwaka ule wa sweta mvua zilianza mwezi wa kumi na moja, na Mama aliishi mpaka wa tatu. Miezi yote ile aliyoniita na aliyoacha kuniita, mikono yangu ilikuwa mikono tu.